Sura ya Saba: Alama ya Kumi

Kitabu cha ghala kilisema 45.46 siku ya Ijumaa. Jumapili kikasema 45.46 tena.

Inspekta Eliakim Obiero alizisoma namba hizo mara ya nne, amesimama nje ya ghala la josho mahali palipokuwa na mwanga. Mwandiko ulikuwa safi, wino mmoja, mkono mmoja, kila nukta imekaa mahali pake. Lita arobaini na tano nukta nne sita za dawa ya kuogeshea ng'ombe zilikuwamo kwenye pipa kabla ya Sabato, na lita hizo hizo zilikuwamo baada ya Sabato. Jumanne iliyofuata Mzee Makori, mwenyekiti wa kamati ya josho hilo, alikunywa uji nyumbani kwa mke wake mdogo. Jua lilipotua alikuwa maiti. Mkemia wa Serikali alichukua wiki tatu kuleta jibu kutoka Nairobi, na jibu lenyewe lilikuwa neno moja: aseniki. Na dawa ya josho lile ilikuwa aseniki.

"Desimali mbili, Obiero," mkuu wake alikuwa amemwambia Kisii asubuhi hiyo. "Kingetoka hata kikombe kimoja, kitabu kingesema. Sumu haikutoka ghalani. Ilitoka kwenye lile kopo la mwanamke. Niletee huyo mama leo, kesho asomewe shtaka."

Kopo lilikuwa kuukuu, la dawa ya panya iliyokuwa na aseniki pia. Askari Ratemo wa kambi ya chifu ndiye aliyelipata nyuma ya ghala la wimbi la Bonareri, mke mdogo. Sasa Bonareri alikuwa amefungiwa chumba cha nyuma pale kambini, hatua kama mia nne kutoka joshoni, akingoja Land Rover iliyopangwa kuondoka saa saba mchana. Shtaka la kuua lilikuwa na adhabu moja tu, nayo haikuwa na desimali.

Saa ya Obiero ilionyesha saa nne na kitu.

Alitoa ufunguo wa ghala kwenye bahasha ya vielelezo, akautia kwenye kufuli, akazungusha. Kufuli halikusikia. Akalijaribu tena, kulia, kushoto, kulia.

"Nipe mimi, afande," alisema Ratemo.

Ratemo alikuwa kijana mrefu mwenye tabasamu la haraka, rozari imechungulia kwenye kola ya sare. Alikuwa mwenyeji wa kilima hicho hicho. Kwa kuwa Obiero alikuwa mtu wa ziwani na hakujua Ekegusii, Ratemo ndiye aliyemtafsiria tangu siku ya kwanza. Aliliinua kufuli kwa kidole gumba, akalibana kidogo, akazungusha kushoto. Likafunguka.

"Umezoea," alisema Obiero.

"Kufuli ni kufuli, afande. Mimi si mtu wa ng'ombe. Huku ndani sijawahi kuingia hata siku moja."

Karani wa josho, Abner Mogire, aliwafikia akitwetea, ndoo ya maji kila mkono. Alikuwa na miaka hamsini hivi, mzee wa kanisa la Waadventista, tai shingoni hata kwenye matope. Alitua ndoo, akafuta mikono kwa leso, ndipo akasalimu.

"Bwana Inspekta. Umekisoma kitabu changu?"

"Nimekisoma. Ni kizuri."

Abner aliinamisha kichwa kama mtu aliyezoea kusifiwa kwa jambo hilo.

"Nina swali moja tu," Obiero aliendelea. Sauti yake ilikuwa ya chini siku zote. Watu walilazimika kusogea ili wamsikie. "Hii nukta nne sita umeiona wapi?"

"Kwenye pipa."

"Nionyeshe."

Mle ndani mlinuka kitunguu saumu na kutu. Pipa la dawa lilikuwa pembeni, fuvu la kichwa limechorwa ubavuni. Juu yake ilining'inia fimbo ya mkalatusi yenye mikato ya kisu, mikato ishirini, mmoja juu ya mwingine.

"Kila mkato ni galoni moja," alisema Abner. "Bwana mifugo wa zamani ndiye aliyeikata, tena kwa uangalifu. Natumbukiza fimbo, natoa, naangalia dawa imefika mkato gani. Siku ile ilifika wa kumi."

"Wa kumi."

"Wa kumi. Halafu natafuta kadi." Alichomoa kadi ya njano kwenye jalada la kitabu. "Galoni moja ni lita nne nukta tano nne sita. Mara kumi, arobaini na tano nukta nne sita. Wizara walituambia tuache galoni, Bwana Inspekta. Wakasema tuandike lita, na desimali mbili, bila kukosa. Wakaleta kadi."

"Na fimbo mpya?"

"Fimbo hawakuleta."

Obiero aliichukua fimbo kwa kitambaa, akaiweka dirishani. Kati ya mkato mmoja na mwingine palikuwa na upana wa vidole viwili. Alipima kwa rula ya mfukoni, akaandika kwenye daftari lake: *sentimita tatu na nusu hivi*. Aliandika neno "hivi" wazi kama namba zenyewe.

"Kwa hiyo pipa lilikupa kumi," alisema. "Zile nne na sita za mwisho ulipewa na kadi."

Abner alifikiri. "Lakini hesabu ni sahihi."

"Hesabu ni sahihi. Sina ugomvi nayo."

Kilichomsumbua Obiero hadi hapo kilikuwa kitu kingine. Siku mbili, namba moja, bila tofauti hata ya tone: alipoiona mara ya kwanza alidhani karani hakupima kabisa, alinakili tu ya Ijumaa. Mtu anayenakili anaweza pia kuwa anaficha. Sasa alimwona Abner akiirudisha kadi mahali pake na kuinyoosha kona, akaifuta dhana hiyo polepole. Huyu alikuwa amepima. Lililobaki ni kujua kipimo chake kiliona nini.

"Kuna pipa tupu la aina hii?"

Lilikuwapo, nyuma ya mlango. Waliliosha, wakalijaza maji hadi yakazidi mkato wa kumi kwa unywele. Obiero akamtuma Ratemo dukani kwa chupa tatu tupu za soda.

"Bwana Abner, geukia ukuta. Nitakuita, utapima kama ulivyopima siku ile, utaniambia cha kuandika."

"Mtihani," alisema Ratemo, akicheka. "Mzee, usije ukaanguka, wajukuu watakucheka."

Obiero hakutoa kitu mara ya kwanza. Abner aliigeukia fimbo, akaitumbukiza, akaitoa, akaitazama kwa karibu.

"Kumi. Arobaini na tano nukta nne sita."

Akageukia ukuta. Obiero alichota chupa moja, akaificha nyuma ya mguu wa meza.

"Kumi. Arobaini na tano nukta nne sita."

Chupa ya pili.

"Kumi," alisema Abner. Safari hii alikawia. "Arobaini na tano nukta nne sita."

Chupa ya tatu. Abner aliigeuza fimbo mara mbili dirishani. "Kumi, Bwana Inspekta. Iko karibu na kumi kuliko tisa. Arobaini na tano nukta nne sita."

Obiero alizitoa chupa tatu zilizojaa, akazipanga mezani mbele yake, moja, mbili, tatu.

Abner alizitazama chupa, akatazama pipa, akarudi kwenye chupa. Mkono wake ulipapasa hewa nyuma yake mpaka ukagusa ndoo, akaipindua na kuikalia.

"Chupa tatu," alisema. "Karibu lita nzima imetoka nami nimesimama hapa, macho yangu wazi. Na kitabu changu kimesema hakikutoka kitu."

"Lakini hayo ni maji, afande," alisema Ratemo kutoka mlangoni. "Dawa ni nzito. Kitabu ni kitabu. Hata mkuu amekubali."

"Dawa au maji, mkato ni ule ule," alisema Obiero. Akamgeukia Abner. "Fimbo yako inajua tarakimu mbili: moja, na sifuri. Ukitoa tarakimu nne kwenye fimbo inayojua mbili, mbili za mwisho hazikubeba kitu. Ni kama gunia lililoshonwa vizuri bila nafaka ndani. Sisi wa kituo cha Kisii tuliliona limeshonwa, tukasema limejaa."

"Na kwa gunia hilo mnamnyonga mtoto wa watu," alisema Abner kwa sauti ndogo. "Mkuu wako alinisifu. Alinipa mkono. Mungu wangu, alinipa mkono."

Sasa kitabu hakikumhukumu Bonareri tena, lakini hakikumwokoa pia. Kilisema tu kwamba sumu ingeweza kutoka ghalani. Kilichohitajika ni mtu aliyeweza kuingia. Obiero alitazama saa: saa tano na kitu.

"Askari," alimwambia Ratemo, "nenda kwa mke mkubwa, Nyanchera. Nataka kumwuliza mara ya mwisho alipoliona lile kopo. Mlete hapa."

"Ni kilima chote hicho, afande."

"Utapumzika huko. Usiharakishe mama wa watu."

Ratemo alipiga saluti, akaondoka akipiga mluzi. Obiero alisubiri mpaka mluzi ukapotea kwenye migomba, kwa sababu tu alipenda kufanya kazi mahali penye kimya.

"Bwana Abner. Mara ya tatu ulikawia. Kwa nini?"

"Niliona kitu."

"Uliona nini?"

"Mara ya kwanza mkato wenyewe ulikuwa umelowa. Ulipoanza kuchota ukawa mkavu. Lakini ni kidogo sana, na kwenye kitabu hakuna mahali pa kuandika kidogo. Karatasi ya wizara ina mahali pa lita tu."

"Siku ile ya Ijumaa, mkato ulikuwa umelowa au mkavu?"

Abner aliingiza mkono ndani ya koti bila kufikiri, kama mtu anayetafuta miwani. Akatoa daftari dogo la shule, jalada limeliwa na jasho.

"Hii si ya kuonyesha watu," alisema. "Hii naandika kwa penseli pale pale kwenye pipa, mikono ikiwa na uchafu. Jioni nikifika mezani ndipo naandika ile safi."

"Nisomee."

Abner alivaa miwani, akalamba kidole, akafunua. "Ijumaa, saa kumi jioni. Kumi na ushee, mkato umelowa." Akafunua ukurasa. Midomo yake ilisoma kwanza, sauti ikaja baadaye. "Jumapili, saa tatu asubuhi. Kumi kasoro. Mkato mkavu."

Obiero alilichukua daftari akajisomea mwenyewe. Penseli ilikuwa imefifia lakini haikufutwa. Mistari miwili ya kweli, na jioni za siku hizo karani mwenye tai alikuwa amekaa mezani akaigeuza yote miwili kuwa 45.46.

"Ni kiasi gani hiki?" aliuliza Abner. "Kati ya ushee na kasoro?"

"Sijui. Labda chupa moja. Labda mbili na nusu. Fimbo haiwezi kusema zaidi, na mimi sitaisemea. Inasema kitu kimoja tu: kuna kilichotoka." Aliweka kidole kati ya kurasa zile mbili. "Na kilitoka hapa. Kati ya Ijumaa jioni na Jumapili asubuhi. Nani aliingia?"

"Mimi siwezi kujua. Sabato sishiki ufunguo."

"Unauacha wapi?"

"Bomba la maji ya ng'ombe liko humu ndani, watu wanahitaji kufunguliwa. Kwa hiyo kamati iliamua zamani: Ijumaa kabla jua halijatua namwachia Mkatoliki. Jumapili akienda misa ananirudishia. Tumefanya hivyo miaka mitatu."

"Mkatoliki gani?"

Abner alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake.

"Si huyu askari wako? Ratemo."

Obiero aligeuka akalitazama kufuli la mlangoni. Alibaki na kidole kwenye daftari. Nje ng'ombe alilia, mtu akamkemea, na sauti hizo zilimfikia kana kwamba zinatoka ng'ambo ya bonde.

"Nilidhani mnajua," alisema Abner. "Nilisema siku ya kwanza. Nilisema kwa Ekegusii, yeye akaandika kwa Kiswahili, nikatia sahihi. Miwani ilikuwa nyumbani."

Obiero alifungua faili. Maelezo ya Abner Mogire, karatasi ya tano, mstari wa pili. Aliyasoma kwa sauti, taratibu, ili wote wawili wasikie: "'Ufunguo wa ghala ninao mimi wakati wote.'"

"Yaya!" Abner alisimama, ndoo ikabingirika. "Hapana, Bwana Inspekta! Sijasema hivyo! Hata Mungu anajua Sabato sishiki chuma!"

Kidole gumba kikiinua kufuli. Kubana kidogo, kuzungusha kushoto. *Huku ndani sijawahi kuingia hata siku moja.* Obiero aliyaandika maneno hayo kama yalivyosemwa, na saa yake, saa nne na kitu.

"Mzee Makori na Ratemo walikuwa na neno?"

"Ng'ombe ambao hawakuletwa joshoni, askari huwakamata," alisema Abner. "Ng'ombe watano walikamatwa na Ratemo mwezi wa sita na hawakufika kwenye boma la serikali. Mzee alikuwa aende Kisii kulisema hilo kwa DC. Alipanga Jumatano." Akahesabu kwa vidole. "Alikufa Jumanne."

Walikwenda kambini kwa miguu, Abner akitangulia, tai begani. Askari wa zamu aliwafungulia chumba cha nyuma. Bonareri aliketi juu ya gunia, mgongo ukutani. Hakuwa na miaka thelathini. Alitoka upande wa Nyaramba, hakwenda shule, na Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu. Alipomwona Obiero aliangalia nyuma yake kumtafuta Ratemo. Alipomwona Abner badala yake, alikaa wima.

Obiero alifungua daftari lake kwenye mahojiano ya kwanza. Hakujua Ekegusii, lakini alikuwa na desturi ya kuandika hata asichokielewa. *Swali: nani walifika nyumbani kwako siku tatu kabla ya kifo? Jibu, kwa Ratemo: hakumbuki.* Na pembeni, kwa herufi ndogo: *jibu refu*. Mahojiano ya pili: *hajui*. Pembeni: *jibu refu*. Mara ya tatu: *hana la kusema*. Pembeni: *refu sana, analia*. Maneno mia yaliingia kwa Ratemo, mawili yakatoka.

"Mwulize swali hilo hilo," alimwambia Abner. "Unitafsirie kila neno. Usifupishe."

Abner aliuliza. Bonareri alianza kwa sauti ya chini, kisha akapanda, mkono mmoja ukipiga goti. Abner alitafsiri akiwa amefumba macho.

"Anasema: Jumapili baada ya misa Ratemo alikuja. Alileta asali kwenye chupa ya soda, amefunga kwa gunzi la mahindi. Alisema, nasikia mzee anakohoa, mtilie kwenye uji akizidiwa. Jumanne alizidiwa, nikamtilia. Anasema..." Abner alifumbua macho. "Anasema, siku waliyokuja kunikamata Ratemo aliingia nyumbani peke yake, chupa sikuiona tena. Anasema, nilimwambia askari huyo aseme kwako. Nilimwambia mara tatu. Nikaona unaandika, nikadhani umesikia na umeamua kunyamaza."

Obiero alikuwa ameacha kuandika. Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza Abner kuona kalamu yake imesimama.

"Mwambie sikusikia," alisema. "Mwambie leo ndiyo nasikia."

Abner alimwambia. Bonareri alijifunika uso kwa kanga.

Swali lililofuata lilitoka kwa mazoea tu, kwa kuwa Obiero hakuweza kuandika kitu bila kuuliza ni kiasi gani. "Asali ilikuwa chupa nzima?"

"Nzima."

"Ulimtilia yote?"

Bonareri alitikisa kichwa.

"Nusu," alisema Abner. "Anasema, nusu nyingine alimmiminia mke mwenzake, Nyanchera, kwenye chupa nyingine, Jumapili ile ile. Anasema kwao kitu kitamu hakiliwi nyumba moja."

"Ratemo anajua hilo?"

Abner aliuliza. Bonareri alijibu kwa ufupi.

"Hapana. Anasema hakuna aliyemwuliza."

Obiero alikuwa tayari mlangoni. Saa moja na zaidi iliyopita alikuwa amemtuma Ratemo kwa Nyanchera, na akamwambia asiharakishe.

Kilima kilikuwa na chai upande mmoja na migomba upande mwingine, na njia kati yake ilikuwa ya udongo mwekundu wenye utelezi. Obiero hakuwa kijana. Alianguka mara moja, akainuka bila kujifuta. Abner alikuja nyuma akiomba kwa sauti, maneno yakikatika kila hatua.

Mlango wa Nyanchera ulikuwa wazi. Mama mwenyewe aliketi kwenye kigoda karibu na jiko, mnene, kilemba cha matanga kichwani. Alikuwa akiuza ndizi Keroka kila siku ya soko, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, chenye nguvu. Ratemo aliketi kwenye kiti cha marehemu, kofia gotini. Mezani mbele yake palikuwa na kikombe cha bati cha chai ya maziwa. Utando ulikuwa umeshajikunja juu yake. Kikombe cha pili kilikuwa mkononi mwa Nyanchera.

"Afadhali mmefika!" alisema Nyanchera. "Mzee Abner, mwambie huyu mtoto wetu. Amekaa hapo tangu saa ile, chai hataki. Mara tumbo, mara hamu hana. Tangu lini nyumba ya Makori ikakataliwa chai?"

"Mama," alisema Obiero. Alikuwa hajapata pumzi. "Umekunywa?"

"Nitakunywaje kabla ya mgeni? Namngoja yeye. Lakini nimechoka, yangu nimeipasha tena, sasa nakunywa. Isipoe tena na asali yangu ndani."

"Asali gani, mama?"

"Ya Bonareri. Matanga yalikuja na watu wengi, ningewapa wangapi? Nikaificha. Leo mgeni ni mmoja." Alionyesha kwa kidevu. Kwenye rafu, kati ya chumvi na kibiriti, palikuwa na chupa ya soda iliyofungwa kwa gunzi, nusu tupu. "Nilimwambia, askari, leo utaonja asali ya Bonareri. Badala ya kushukuru akageuka kama mtu aliyeona nyoka."

Akakiinua kikombe. Ratemo alimtazama akikiinua. Alikitazama kikombe mpaka kikafika kidevuni mwa mama huyo, naye hakusema kitu.

"Weka chini!" Abner alipiga kelele kwa Ekegusii au kwa Kiswahili, Obiero hakujua baadaye ilikuwa lugha ipi. Yeye mwenyewe alikuwa ameshakishika kikombe kwa juu, kiganja chote, chai ya moto ikimmwagikia vidoleni. Alikiweka mezani kando ya kile cha kwanza.

Nyanchera alimtazama Inspekta, kisha Abner, kisha mtoto wa kilimani kwao aliyeketi kwenye kiti cha mume wake.  

Obiero alilichukua rungu la Ratemo lililoegemezwa kwenye kiti, akampa Abner. Akavuta kigoda, akaketi mbele ya Ratemo, magoti yakikaribia kugusana.

"Mama ametia asali kiasi gani?" aliuliza bila kumtazama Nyanchera.

"Kijiko," alinong'ona mama. "Kijiko na ushee."

"Kijiko na ushee." Obiero alikisukuma kikombe taratibu mpaka kikagusa mkono wa kijana. "Askari. Hii ni asali uliyoileta mwenyewe, ya kumtibu mzee. Mama amekukaribisha. Kunywa."

Tabasamu la haraka lilijaribu kuja, likashindwa. Mkono wa Ratemo ulipanda kwenye kola, ukaikuta rozari, ukaishika. Kofia ilianguka kutoka gotini ikabingirika hadi miguuni pa Nyanchera, na hakuna aliyeinama kuiokota.

Chini bondeni honi ya Land Rover ililia mara mbili, ikimwita mtu wa kupelekwa Kisii.

Obiero alifungua daftari juu ya goti. Vidole vilivyoungua vilimuuma, kwa hiyo aliandika polepole, herufi moja moja, kile tu alichokuwa amekiona.

*Saa saba hivi. Alipewa chai. Hakunywa.*